Fidla ya Mirko Inalia

Mwaka 1993, wakati kila mwenye nauli alikuwa anatafuta njia ya kutoka Likasi, mji wetu wa Katanga, Mirko alikuja. Tulimcheka, sikatai. Mzungu gani huyu anayekimbilia mahali ambapo Wazungu wenzake wamekwisha kukimbia? Lakini kwao Sarajevo mabomu yalikuwa yanaanguka, na ndugu pekee aliyebaki naye ni dada yake, mtawa muuguzi hapa Panda, mtaa wetu wa Likasi.

Huko kwao alikuwa akipiga fidla katika okestra ya redio. Kwetu hata mishahara haikuwepo, sembuse okestra. Kulikuwa na kwaya ya parokia tu, nayo ilibaki bila mpiga kinanda tangu Nicolas alipofukuzwa pamoja na Wakasai wenzake, watu wenye asili ya mkoa wa Kasai, na kupakiwa kwenye treni kama mizigo. Jambo lile linaniuma mpaka leo. Basi kwaya ikampa Mirko nafasi yake.

Jumapili ya kwanza alipiga vizuri mno. Baada ya misa mama yangu, Emérance, akamshika mkono, akamwita mzee kwa Kifaransa: "Vieux, violon yako inalia!"

Mirko akatabasamu kwa adabu, akaenda nyumbani, akafungua kidaftari chake cha maneno. Kulia: kutoa machozi. Akaifungia fidla sandukuni. Wiki tatu hakuonekana kwenye mazoezi, na dada yake akatuambia kwamba anataka kuacha muziki kabisa. Ati hata Panda wamemwambia fidla yake inalialia kama mtoto mgonjwa.

Mama alikasirika, kisha akacheka, kisha akavaa kandambili zake akaenda hadi kwa masista. Mimi nikamfuata.

"Vieux Mirko, nani alikuambia ni mubaya? Kengele inalia, ngoma inalia. Violon yenye hailie ni mbao tu!"

Mirko akamtazama. "Kumbe inalia, ni muzuri?"

"Muzuri sana! Tangu Nicolas alienda, kanisa yetu ilikuwa kimya. Weye njo ulirudisha sauti."

Mirko akakaa kwenye ngazi, akawa anatafuta neno moja moja.

"Miye, tangu kutoka kwetu, sikulia bado."

Hatukujua kama anazungumzia fidla au macho, mpaka mabega yalipoanza kumtikisika. Mama akakaa kando yake, akanikata jicho nisicheke. Nicheke nini? Nilikuwa nalia mimi pia.