Msalaba wa Kusini Juu ya Kanisa la Katuba

Tangu tukimbie vita Goma na kuja Katuba, mtaa wa Lubumbashi, nilimkataza mke wangu Neema kuitaja nyumba yetu ya huko. Kwetu sasa ni Lubumbashi, nilimwambia kwa ukali. Hata ufunguo wake aliokuja nao nilimwamuru autupe.

Basi juzi, mtaa ukiwa hauna umeme, mimi mpiga picha nikaitangazia kwaya makubwa. Ramani ya nyota kwenye simu yangu, inayopanga anga kulingana na mahali simu ilipo, ilionyesha kwamba saa moja na nusu jioni, nyota nne za Msalaba wa Kusini zingetua kwenye ncha ya msalaba wa kanisa. Waimbaji wakajipanga na mishumaa yao.

Nyota zikatokea juu mno, mbali na paa. Nikasogeza kamera mbele mpaka nusu ya kwaya ikakatwa kwenye picha. Nikalaumu mawingu, na mawingu hayakuwepo.

Neema akaichukua simu. Siku ya kukimbia nilizima GPS kwa hofu ya kufuatiliwa, nikasahau kuiwasha. Akasoma jina la mji lililoandikwa juu ya ramani.

“Papa Daniel,” akasema taratibu, kwaya nzima ikisikia, “simu yako iko bado Goma.”