Utafiti wa Fulana Kwenye Kibanda cha Bi Povu

Kwa Bi Povu palikuwa na mabeseni, kamba za kuanikia, meza mbili za kupigia pasi na wanaume wawili wasio na kazi maalumu. Mabeseni yalikuwa na faida yake.

Alianza udobi mwanawe wa kwanza akitambaa, na huyo mwana sasa ana kipara. Kwa kutazama kola tu alijua nani karudi kulala kwa mama yake na nani kaanza kujipulizia manukato ya kazini. Siri hizo hakuzitoa nje. Ila kwa mengine yote ulimi wake haukuwa na kitasa, na wateja hawakumwita Bi Povu kwa ajili ya sabuni peke yake.

Mwanamume wa kwanza alikuwa mumewe, Mwalimu, ingawa alifundisha mihula miwili tu kabla ya kugombana na mkuu wa shule juu ya chaki. Huyu alikuwa wa chama cha Ngazi. Wa pili alikuwa mdogo wake Bi Povu, wa chama cha Kengele, aliyebatizwa jina la Takwimu kwa sababu hakuweza kuomba chumvi bila kutaja asilimia.

Wiki ile mtu mmoja alipiga simu redioni akasema wageni wote waondolewe mjini, na wakikaidi, moto upo. Hakutaja chama chake. Angetaja, Bi Povu angepumzika. Siku ya pili yake vibanda vya wageni kule sokoni viliungua, na mjadala ukapata kuni.

"Hao ni watu wenu, shemeji," Mwalimu alianza. "Nusu ya Kengele wanaunga mkono mambo hayo."

"Hiyo nusu umeitoa wapi?"

"Nimeongea na watu."

"Wangapi?"

"Kinyozi wangu. Na kinyozi anasikia kila mtu."

"Basi sikia na hii. Takwimu zinaonyesha asilimia themanini ya Ngazi ndio wenye msimamo huo."

"Takwimu za nani?"

"Zinaonyesha tu."

Bi Povu aliinua kichwa kutoka kwenye beseni. "Kuna mtu yeyote aliyezunguka akawauliza watu?"

"Bado hakuna utafiti, dada," Takwimu alimjibu kwa upole, kama anayemweleza mtoto. "Ndiyo maana tunajadili."

Kwenye meza ya pili Mama Pasi alikuwa ananyoosha mashuka ya gesti. Alizaliwa ng'ambo ya mpaka, akaja mji huu bibi arusi, akawa mjane papa hapa. Hakuna aliyejua kupiga pasi kama yeye. Juu ya shuka lake ungeweza kuandika barua. Kwa kawaida aliimba akifanya kazi. Wiki hii hakuimba, na jana yake alikuwa ameuliza, kama anayeuliza bei ya bluu ya kufulia, kama basi la mpakani bado linaondoka alfajiri. Tangu hapo Bi Povu alikuwa anasuuza nguo zilizokwisha suuzwa.

"Ushahidi tunao hapa hapa!" Takwimu aliruka. Aliumwaga mzigo wa nguo chafu sakafuni na kuanza kuchambua fulana za vyama: Ngazi huku, Kengele kule. Zenye masizi, alisema, ni za waliokwenda kuchoma soko. Ni suala la kuhesabu tu.

Mwalimu aliinama kusimamia haki. Kwa bahati mbaya koti lake lilifunguka.

"Baba watoto," Bi Povu alisema, "hebu jitazame."

Ndani alikuwa amevaa fulana ya Kengele, maana mashati yake yote yalikuwa kwenye maji. Na ilikuwa nyeusi kifua kizima, kwa kuwa asubuhi alitumwa kuwasha jiko la mkaa.

Takwimu alifikiri kidogo. "Huyu tumtoe kwenye hesabu."

Hapo Mama Pasi alisimamisha pasi yake. "Naombeni kujua kitu kimoja. Nikitoka hapa jioni, nipite mtaa upi?"

"Pita kwa Ngazi," Mwalimu alisema.

"Usithubutu!" Takwimu alidakia. "Huko asilimia…"

"Nyamazeni!" Bi Povu alilipiga beseni kofi, maji yakawarukia wote wawili. "Mmewasemea watu msiowajua tangu Jumatatu. Sasa nawauliza nyinyi. Mama huyu aondoke mjini au abaki?"

Mwalimu alikohoa. "Mama Pasi ni mtu wetu."

"Sikuuliza ni wa nani."

"Abaki. Huyu abaki. Sasa wale wengine, kusema kweli… inategemea."

"Hapo, shemeji," Takwimu alisema, "umenena."

Ilikuwa mara ya kwanza kukubaliana tangu Takwimu ahamie pale.

Mama Pasi alichomoa waya ukutani, akauzungusha taratibu kwenye mpini, akachukua mtandio wake. Bi Povu alijifuta mikono.

"Mashuka ya gesti yanachukuliwa kesho," aliwaambia wanaume. "Pasi hizo hapo. Yote. Asilimia mia."

Wanawake hao wawili walipita mtaa uliokuwa karibu. Mlangoni kwake Mama Pasi aligeuka. "Dada, wewe hukujibu."

"Nani kaniuliza?"

"Mimi."

"Ukienda huko mpakani niulizie kama watu wanavaa nguo zikachafuka. Nitakuja na mabeseni yangu. Wale wawili nawaachia mji."

Mama Pasi hakucheka, ila alikaribia kucheka. Bi Povu alirudi nyumbani hajui kama mwenzake atapanda basi la alfajiri.

Asubuhi alimkuta Mama Pasi kibandani, amefika kabla yake. Mashuka yalikuwa yamerundikwa mezani, yamekunjamana kama uso wa mtu aliyelambishwa ndimu. Nyuma ya rundo, kwenye viti vyao, wanaume wawili walikuwa wanabishana ni chama kipi ambacho watu wake hawajui kupiga pasi.

Mama Pasi alinyunyiza maji kwenye shuka la kwanza.

"Yanarudiwa yote," alisema.

Bi Povu alimsogezea kapu.