Adamu na Binadamu wa Kale katika Daftari Moja

Harufu ninayoikumbuka kuliko zote za utoto wangu ni ya udongo wa chini: udongo mweusi wa mbugani, uliochimbuliwa kwa sururu na kupakiwa kwenye makarai, wenye ubaridi na uvundo mdogo kama wa chungu kilichosahauliwa na maji ndani. Ulikuwa mwaka wa pili tangu tuhamishiwe kijiji cha ujamaa, si mbali na Kintinku, mahali ambapo ukitazama upande wa machweo unauona ukuta wa mlima na mji wa Kilimatinde juu yake. Ulikuwa kiangazi. Kila kaya ilikuwa imepimiwa hatua zake za kuchimba lambo la kijiji, bwawa la kukinga maji ya mvua, na sisi wa darasa la sita tulitolewa shuleni kubeba udongo, kwa kuwa elimu ya siku zile haikuishia ubaoni. Tulipofika kina cha watu wawili waliosimama mmoja juu ya bega la mwenzake, sururu zikagonga tabaka jeupe, gumu. Ndani yake mlikuwa na maganda ya konokono na mifupa myembamba ya samaki. Watu waliacha kuimba. Sisi samaki tulimjua mkavu tu, aliyekuja kwa treni ndani ya gunia, naye alinunuliwa siku za sikukuu. Hakuna aliyewahi kumwona samaki hai katika nchi ile ya mavumbi na miiba.

Baba yangu, Yakobo, ndiye aliyewatuliza watu. Alikuwa mwinjilisti wa kanisa letu dogo la udongo, mtu mrefu, mkavu, mwenye sauti iliyofika mbali bila kupazwa. Aliokota mfupa mmoja, akaupuliza vumbi, akasema ni mabaki ya gharika ya Nuhu, nasi tumshukuru Mungu aliyetuonyesha. Watu waliridhika, wakashika tena majembe. Mimi niliridhika kuliko wote, maana neno la baba kwangu lilikuwa kama nguzo ya kati ya nyumba: hukuitazama, ulijua tu kwamba ipo.

Kesho yake Mwalimu Msengi aliingia darasani na ganda la konokono kiganjani. Alikuwa kijana wa Kinyiramba, mgeni kwetu, mwenye suruali moja ya kaki aliyoifua kila Jumamosi. Alitwambia kwamba mahali petu palikuwa ziwa, zamani ambazo hazihesabiki kwa vizazi. Kutoka hapo akaingia katika somo la historia ambalo zamu yake ilikuwa wiki ile: asili ya binadamu. Alisema kwa fahari kwamba mafuvu ya watu wa kale yalifukuliwa hapa hapa nchini, Olduvai, na kwamba wazungu waliotuambia hatuna historia sasa wanakuja kuitafuta historia yao kwetu. Kisha akachora ubaoni viumbe vitano katika mstari, wa kwanza akitembea kwa miguu na mikono kama nyani, wa mwisho akiwa amesimama wima na jembe begani. Tulicheka mpaka yeye mwenyewe akacheka. Nilivichora vyote katika daftari langu, na kwa sababu nilipenda kuchora, yule wa kwanza nilimtia manyoya moja moja.

Baba alikuwa na desturi ya kukagua daftari langu kila Jumamosi jioni, kwa fahari ya mzazi aliyesoma miaka minne tu na bado alisoma kuliko wenzake. Jumamosi ile alifika kwenye ule mstari akakaa nao muda mrefu. Akaniuliza kwa upole ulionitisha, "Perisi, huyu mwenye manyoya ni nani?" Nikajibu kama nilivyofundishwa, kwamba ni babu yetu wa zamani sana. Hakunipiga. Laiti angenipiga. Alifunga daftari, akalilaza mezani uso chini, akasema, "Mwezi ujao utawekewa mikono na askofu. Somo hilo likifika, wewe toka nje." Mama alikuwa jikoni, akisikia yote. Tangu mdogo wangu Yohana alipofariki kwa surua mwaka uliotangulia, akiwa na miaka mitatu, mama alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyasema kwa Kigogo, nusu kwetu, nusu kwake mwenyewe.

Basi nikawa mtoto wa nje. Somo la historia likianza nilinyanyuka, wenzangu wakiguna, nikaenda kukaa chini ya dirisha. Lakini masikio hayana mlango. Nilisikia kila kitu, na kila nilichosikia kilinipendeza, na kila kilichonipendeza kilinitia hofu. Usiku niliomba radhi kwa Mungu. Asubuhi nilikuwa tena chini ya dirisha. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na niliamini kwa dhati kwamba nitapoteza ama shule ama mbingu, na sikujua ipi ingeniuma zaidi. Jaribio lilipokuja, swali la mwisho likiwa "Eleza asili ya binadamu", niligawa ukurasa katikati kwa rula. Upande mmoja niliandika Adamu na Hawa, bustani na udongo. Upande wa pili niliandika binadamu wa kale, mawe aliyochonga na moto aliouvumbua. Mwalimu alirudisha karatasi yangu bila alama. Chini yake, kwa wino mwekundu, aliandika: "Na Perisi mwenyewe anasemaje?"

Karatasi ile baba aliiona pia. Jumapili iliyofuata alihubiri juu yake, bila kutaja jina, lakini kanisa zima lilijua. Alisema wako watu wanaotaka kuwatoa watoto wetu katika nyumba ya Baba yao na kuwapeleka porini kwa nyani. Alisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Na baba mwenyewe hakuwa amewahi kuiona bahari maishani mwake. Mwalimu Msengi alikuwa ameketi benchi la tatu. Kwao walikuwa Wakristo, naye aliimba sauti ya chini vizuri kuliko wanaume wetu wote. Wimbo wa mwisho aliuimba kama kawaida, mpaka ubeti wa mwisho, mimi nikiwa natamani ardhi ipasuke inimeze.

Baada ya ibada hakwenda kwake. Alitufuata nyumbani, peke yake, akasimama nje ya ua akabisha hodi. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwalimu. Karibu." Hasira ni hasira, lakini mgeni ni mgeni; baba alimtolea kigoda kizuri na mimi nikapeleka maziwa ya mgando katika kibuyu. Mama alikuwa mlangoni akipepeta uwele. Walibishana vizuri, kwa adabu, kama watu wawili wanaovuta kamba bila kutaka kuikata. Baba aliuliza kama mwalimu anasali kweli au anaimba tu. Mwalimu akasema anasali kila siku, na kwamba hakuona Mungu amepungukiwa nini kama alichukua muda mrefu kumuumba mtu. Baba akasema mtu si nyani. Mwalimu akasema hajasema hivyo. Wakafika mahali ambapo kila mmoja alirudia alichokwisha kusema, na nadhani yangeishia hapo, na mimi ningerudi chini ya dirisha, kama ng'ombe wasingerudi kunyweshwa.

Walikuwa kumi na mmoja, wadogo, wenye nundu na pembe fupi. Mwalimu, nadhani kwa kutafuta njia ya kuaga, alisema kwamba ng'ombe hawa ni wadogo lakini wananawiri ajabu kwa kiangazi kile. Hapo baba alisahau ugomvi. Hakuna mtu wa kwetu anayesifiwa ng'ombe akanyamaza. Alieleza kwamba ng'ombe wa babu yake walikuwa wakubwa, pembe ndefu. Ukaja ukame mkali, wakubwa wakafa kwanza kwa kuwa walitaka majani mengi. Wakabaki hawa wadogo wanaovumilia, nao ndio waliozaa. "Na mimi mwenyewe nachagua," alisema. "Dume ambaye mama yake hakuwa na maziwa namhasi. Dume wa mama mwenye maziwa namwacha. Ukifanya hivyo tangu ujana mpaka uzeeni, zizi linageuka."

Mwalimu, aliyekuwa amekwisha kuinuka, aliketi tena. "Mzee," akasema, "hayo uliyoyasema sasa ndiyo ninayofundisha."

Nakumbuka mkono wa baba ulivyopita polepole mgongoni mwa ng'ombe. Hakuwa mtu wa kushindwa kwa urahisi. "Lakini ng'ombe amebaki ng'ombe," alisema mwishowe. "Kwa miaka ya babu yako, kweli," mwalimu akajibu. "Lakini hesabu miaka ya lile ziwa tulilochimba." Baba alikuna kidevu. Alisema taratibu, kama anayejisomea, kwamba siku za Mungu hazihesabiwi kwa jogoo wetu. Na ng'ombe naye hajui kama anachaguliwa. Yeye anajua nyasi na maji tu. "Huenda basi," alisema, na uso wake ukaanza kung'aa kama kila alipopata mahubiri mazuri, "huenda Mungu naye huchagua hivyo hivyo, kwa ukame, kwa maradhi, polepole, mpaka..."

Ungo ulinyamaza. Mama, ambaye nyumbani hakusema ila Kigogo, safari hii alisema Kiswahili, ili mgeni asikie. "Na Yohana wangu? Alikuwa na kasoro gani hata asichaguliwe?"

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa, na mshindo wa ule wa mama bado nausikia. Baba alifungua mdomo. Nilijua aya zake zote za msibani, nikazisubiri. Hazikuja. Mwalimu aliweka kibuyu chini. "Sijui, mama," akasema. Na baba, mwinjilisti, mtu ambaye mbele yangu hakuwahi kukosa jibu, alisema bila kumtazama mtu, "Hata mimi sijui." Mama alifuta uso kwa ncha ya kanga. "Basi," alisema, "msimfundishe mtoto wangu kana kwamba mnajua." Akaendelea kupepeta.

Jumatatu nilikaa darasani. Baba hakunipa ruhusa kwa maneno. Alinitazama tu nikifunga daftari na kitambaa, akasema nisichelewe. Jumapili, katika maombi, alimtaja Mwalimu Msengi kwa jina, akamwombea afya na hekima, na sauti ya chini ya benchi la tatu ikaitikia amina kwa nguvu. Kubishana hawakuacha. Ila sasa walibishana wakitembea, wakati mwingine mpaka giza likawakuta njiani, na mwalimu akala kwetu mara nyingi kuliko kwake. Mwezi uliofuata nilipanda Kilimatinde kwa miguu pamoja na wenzangu kupokea kipaimara. Niliulizwa ni nani aliyeniumba, nikajibu ni Mungu, na nilipojibu sikuhisi kwamba nimemwongopea mtu yeyote. Jinsi alivyoniumba, hakuna aliyeniuliza.

Leo nakaa Mandewa, mjini Singida, mwalimu mstaafu wa baiolojia. Baba, mama na Mwalimu Msengi, wote watatu wametangulia mbele ya haki. Najua mengi ambayo Mwalimu Msengi hakuyajua: urithi unavyopita kutoka mzazi kwenda kwa mtoto, na jinsi kosa dogo la kunakili linavyoweza kuwa chanzo cha umbo jipya. Na kanisani bado naenda, nakaa mbele. Vijana wananishangaa. Mjukuu wangu, kijana mwenye akili, huniletea katika simu yake watu wanaotukanana juu ya jambo hili, huku mmoja akimwita mwenzake mshamba na mwingine akimwita mpagani, na huniuliza niko upande gani. Namwambia watu hawa hawachoti maji lambo moja. Wangechota wangezungumza vingine. Hanielewi, wala simlaumu.

Lakini nisijisifu, wala nisiwapambe wazee wangu kupita kiasi. Siku zile nazo zilikuwa na ukali wake, na mtoto mwingine katika kijiji kingine huenda alibaki nje ya dirisha mpaka mwisho. Ninachoweza kupima kwa haki ni kimoja tu. Mimi nilipata chuo, vitabu na darasa zima la wasikilizaji. Wanafunzi waliniuliza maswali ya ungo, yale yasiyo na jibu kitabuni, mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, nami kwa miaka mingi niliyajibu yote, haraka, kwa chaki mkononi. Lile "sijui" ambalo wale wanaume wawili walilitamka mchana kweupe mbele ya mwanamke aliyefiwa, mimi lilinichukua karibu miaka ishirini ya kazi kulitamka mbele ya darasa.