Injini Iliyokaa Kando na Sinia la Mama Mkwe

Siku niliyofungua boneti ya pikapu yangu mbele ya mama mkwe, nilijiponza mwenyewe. Nilitaka kuongeza maji tu. Lakini yeye ni mfinyanzi wa huku ufukweni, na jicho lake hukamata chungu kilichopinda hata kikiwa kichwani mwa mtu. Alichungulia, akapima kwa viganja: kushoto nafasi ya viganja viwili, kulia vinne.

"Mkwe, injini yako imekaa kando."

Nikacheka, kisha nikachungulia. Ilikuwa imekaa kando kweli.

"Basi gari litalalia upande. Vyungu vyangu havipandi humo."

Vilikuwa vyungu vya msimu mzima, vimeshafungwa kwa majani makavu ya migomba. Na mimi nilikuwa nimejigamba mbele ya ukoo wote kwamba safari hii mama hatahangaika na mtumbwi mpaka sokoni Mwaya. Gari lile nililinunua ili nami nionekane mtu. Tangu siku ya posa, mama mkwe alikuwa ananitazama mimi na wembamba wangu kama anayeuliza nusu yangu nyingine iko wapi. Iliniuma.

Nikampigia fundi wangu wa Mbugani, nikaweka simu kwenye spika. Akaeleza kwamba usukani uko kulia, na shafti yake inashuka ubavuni mwa injini, ndiyo maana kiwandani waliisogeza kushoto kuipisha.

"Na uzito je?" akauliza mama mkwe.

"Uzito unasawazishwa na dereva, mama," akajibu fundi. "Si anakaa kulia?"

Mama mkwe akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia. "Huyu?"

Akaingia jikoni, akatoka na sinia la wali na samaki. Akanisimamia mpaka nikamaliza, akaleta la pili. Niliendesha mpaka Mwaya nikihema, na hakikuvunjika hata chungu kimoja.

"Ndaga, mkwe," akasema. Hakuwahi kunishukuru kabla ya siku ile, na nilifurahi kupita kiasi.

Baadaye fundi alinicheka: mbele ya injini ile, uzito wangu ni wa kuku. Iliyoisogeza hasa ni shafti ya usukani. Nikamsihi asimwambie mama.

Sasa kila safari nakula masinia mawili, na suruali zangu zote nimempa shemeji. Mwezi uliopita mama mkwe alifungua boneti mwenyewe, akapima tena kwa viganja, taratibu.

"Naona inarudi katikati," akasema.

Nikachungulia na mimi. "Ndiyo, mama. Inarudi."