Kimeng'enya cha Euis

Euis Rohaeti alikuwa na kicheko cha kusikika hadi barabarani, na ubishi wa kuwatosha watu watatu. Mama yake alimsomesha kemia kwa pesa za kuuza ndizi za kukaanga huko Ciawi. Euis alipomaliza, akaajiriwa mjini Bogor, kwenye kiwanda kidogo kinachotengeneza ladha za biskuti na sharubati.

Huko alijitwisha kazi ya kutengeneza harufu ya ndizi kwa kimeng'enya badala ya asidi kali. Kimeng'enya kilitakiwa kuunganisha asidi ya siki na kileo kizito kinachobaki spiriti ya miwa inapokenekwa. Mwaka mzima kikagoma. Kila alipokitia kwenye kiyeyushi chake, asetoni, kilijikongoja kidogo, kikanyamaza.

"Da Euis, ndizi bado mbichi?" Nining, mwenzake wa maabara, alimchokoza kila asubuhi.

"Chapa kazi, mdomo wewe!"

Mwishowe mwenye kiwanda, Bwana Dadang, akaja mwenyewe. "Mama Euis, tumejitahidi. Turudi kwenye asidi."

"Kimeng'enya hakina kosa, bosi. Sisi ndio tunakikausha," Euis akasema. "Kina utando wa maji, mwembamba kabisa. Bila huo kinakakamaa. Asetoni inapenda maji mno, inakinyang'anya. Nipe kiyeyushi kingine, heksani. Yenyewe na maji hawaivi chungu kimoja, itakiachia maji yake."

"Heksani? Si inanuka petroli hiyo!"

"Tutaichemsha iondoke. Nijaribu mara moja tu."

Dadang akaguna, akakubali.

Alasiri ile mvua ilikuwa inapiga bati kama kawaida yake. Euis aliitikisa chupa yenye kimeng'enya ndani ya heksani, akijua kuwa akikosea tena watarudi kwenye asidi. Nining akafungua kizibo, akanusa, akakunja uso.

"Petroli."

Euis akanyoosha mkono aichukue chupa.

"Ngoja… petroli na ndizi! Da Euis, ndizi!"

Walipokichuja kimeng'enya, wakaichemsha heksani ikatoka yote, harufu ya ndizi mbivu ikajaa maabara, ikapita mlangoni hadi kwa wafungashaji. Mmoja akachungulia. "Nani anakula ndizi bila kutukaribisha?"

Euis alicheka mpaka machozi. Kisha akakirudisha kimeng'enya kilekile kwenye mchanganyiko mpya wa heksani. Kikafanya kazi tena, na tena kesho yake.

Dadang alinusa chupa ya tatu akiwa amefumba macho. "Agiza pipa kubwa la heksani," akasema. "Na hapo kwenye maabara, kuanzia leo mkuu ni wewe."

"Umesikia, Nining?" Euis akauliza.

"Nimesikia, bosi."