Pepo Ndani ya Rejeta

Kabla sijaja Amerika, rejeta nilijua ni ya gari. Inachemka, dereva anasimama kando ya barabara, anaifungua kwa kitambaa, anaongeza maji. Kwa hivyo siku mwenye nyumba aliponionyesha orofa ya juu ya ile nyumba ya zamani pale Takoma Park, akasema joto linatoka kwa rejeta, nilitazama kile chuma chini ya dirisha, mbavu zimetokeza kama ng'ombe wa kiangazi, nikajiuliza gari liko wapi. Sikuuliza. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili. Mchana nilitunza wazee, jioni tatu kwa wiki nilikaa darasani na watoto wa miaka ishirini, na nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa kuuliza.

Chuma hicho, cha pekee huko juu, kilikuwa kwa chumba cha binti yangu. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na ana selimundu, ule ugonjwa wa damu. Baridi ikimwingia, damu inakwama kwa mishipa na mifupa inaanza kuuma, uchungu ambao siwezi kuueleza kwa sababu si mimi ninaoubeba. Daktari alikuwa ameniambia vitu vitatu: maji, dawa, joto. Maji nilikuwa nayo. Dawa nilikuwa nayo. Baba yake alikuwa bado Kenya, tunangoja karatasi zake za uhamiaji, kwa hivyo hilo la tatu lilibaki juu yangu.

Baridi ya kwanza ilipokuja, nikaona chuma kinapata moto nusu. Ukiweka mkono chini, kinaunguza. Ukipandisha, vuguvugu. Juu kabisa, baridi kama sufuria iliyolala nje. Na kilikuwa kinaongea. Kinagugumia, kinanyamaza, halafu kama mtu anayesukutua maji kooni. Nilinunua hita ndogo ya umeme, fyuzi ikakata nyumba nzima. Nilimpigia mwenye nyumba, akasema niongeze joto kwa kile kidude cha ukutani.

Kidude kilikuwa orofa ya chini, kwa jirani yangu Mkongo, mama wa watoto watatu. Nikashuka kumwomba aongeze.

"Mama, huku kuko joto mingi," aliniambia. "Njo maana tunafungulaka madirisha." Na kweli dirisha lilikuwa wazi, Desemba, na yeye amevaa mikono mifupi.

"Sisi huko juu tunaganda, mama."

"Juu? Lakini joto inapandaka juu. Hata ku masomo walitufundisha."

"Basi njoo uishike mwenyewe."

"Nikuje kushika baridi? Baridi iko mingi hapa inje, ya bure."

Akacheka. Mimi sikucheka. Nikapanda zangu, na tangu siku hiyo salamu zetu zilikuwa za mlangoni tu.

Ng'ambo ya barabara alikaa mzee mmoja Mmarekani mweusi, mwalimu mstaafu, ambaye alijifunza Kiswahili kwa vitabu na masomo ya jioni miaka mingi. Kila akiniona ananisalimia kwa Kiswahili kilichopigwa pasi. Nilimpenda kwa hilo. Watu wengi hapa wakisikia unatoka Kenya wanakuuliza habari za simba. Yeye aliuliza habari za asubuhi. Siku moja aliniona nimebeba blanketi tatu kutoka dukani, akauliza kuna nini, nikamwambia. Akaja kuangalia.

"Hodi, mama."

"Karibu, mwalimu."

"Nimekaribia."

Alipitisha kiganja kwa chuma kutoka chini hadi juu, polepole, kama daktari. Akainama, akaweka sikio. Kikagugumia. Akainuka na uso mzito.

"Mama, humu ndani mna pepo."

"Mna nini?"

"Pepo. Pepo nyingi. Zimekaa juu, zinazuia. Ni lazima tuzitoe. Nina ufunguo nyumbani."

Mimi ni mtu wa kanisa, nimelelewa kwa maombi, na pepo kutolewa nimeona kwa macho yangu. Na majirani walikuwa wameshaninong'oneza kwamba mpangaji aliyetutangulia alifia huko huko juu. Sauti zile za usiku, chuma kinachokataa joto kwa chumba cha mtoto mgonjwa, peke yake, nyumba nzima. Kila kitu kilikaa mahali pake.

"Mwalimu," nikasema, "hii si kazi ya kukimbilia. Lazima kufunga kwanza."

Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. "Kweli kabisa. Watu wengi wanasahau kufunga."

"Siku tatu."

Akakitazama tena kile chuma. "Siku tatu? Mimi huwa ninafunga saa moja tu. Lakini hii ni kubwa, tena ni ya zamani. Wewe unaijua zaidi."

Saa moja. Nilimhurumia. Nikafikiri, ndugu zetu wa hapa, imani yao imezoea mambo ya haraka.

Binti yangu alikuwa kitandani na kitabu, kofia kichwani. Alinitazama, akamtazama mwalimu, akarudi kitabuni. Yeye Kiswahili anasikia, lakini anajibu kwa Kiingereza, na siku hiyo hata hicho hakujibu.

Nilifunga. Siku ya kwanza na ya pili nilienda kazini na maji tu, nikawalisha wazee wangu uji wa shayiri nikimeza mate. Jioni nilipiga magoti mbele ya kile chuma, nikaweka mikono, nikaomba. Nilichukua mafuta ya zeituni niliyoombea, nikapaka kila ubavu, nikapaka hata ile skrubu ndogo ya pembeni ambayo sikujua kazi yake. Chini moto, juu baridi. Nikajiambia subiri, bado siku moja.

Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi. Baada ya saa sita mchana, binti yangu akaniita, akasema kwa sauti ndogo kwamba magoti yameanza. Kila mama wa mtoto wa selimundu anaijua hiyo sauti. Nilimpa dawa, nikampa maji, nikamfunga magoti kwa sweta zangu mbili. Saa kumi mwalimu akabisha. Alikuwa na kikombe, kitambaa, na kifunguo cha shaba, kidogo kama cha kujazia saa.

"Umefunga, mama?"

"Nimefunga."

Akagusa chini. "Mbona bado ina moto?"

Sikumwelewa. Akasema haidhuru, akazungusha koki ya chini mwenyewe, akangoja kidogo. Kisha akaangalia ile skrubu. "Umepaka mafuta. Vizuri. Ilikuwa na kutu." Akaingiza ufunguo, akageuza kidogo.

Chuma kikapiga mluzi. Ssss, mrefu, na hewa baridi yenye harufu ya msumari wa zamani ikanipiga mkononi. Nilikuwa na Biblia kifuani. Nikaanza kukemea. "Toka. Kwa jina la Yesu, toka."

"Zinatoka, mama," mwalimu akasema, ameshikilia kikombe. "Zinatoka vizuri sana."

"Mami," binti yangu akasema kutoka kitandani. "Ni hewa. Anasema hewa."

Mwalimu akageuka. "Ndiyo, hewa. Inazuia maji moto yasipande. Upepo mmoja, pepo nyingi. Kama ufunguo, funguo. Nimekosea?"

Hakukosea. Ndiyo ilivyo, hata kitabuni. Lakini mimi, niliyezaliwa na lugha, upepo kwangu ni upepo hata ukiwa mwingi, na pepo ni ile kazi nyingine. Nikamtazama binti yangu.

"Ulijua?"

Akajibu kwa Kiingereza chake kwamba alijua tangu siku ile.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unafunga kwa ajili yangu," akasema. "Sikutaka uache."

Mluzi ukakatika, maji meusi yakaruka kikombeni, mwalimu akakaza skrubu. Akafungua koki. Nusu saa baadaye chuma kilikuwa na moto mpaka juu, kwa mara ya kwanza tangu tuhamie. Nilikaa nimekiegemea na sikuhisi furaha, kwa sababu magoti yalikuwa yamepanda mpaka nyonga, na jua halijazama tukawa kwa gari la mwalimu tukielekea hospitali.

Tulikaa huko siku tano. Hakuna aliyeniuliza juu ya zile siku tatu. Daktari aliuliza tu kama nyumbani kuna joto, nikasema sasa liko, na nilisema ukweli nilivyoujua.

Tuliporudi, chuma kilikuwa baridi. Si nusu. Chote, juu na chini. Mwalimu akaja na ufunguo, akageuza. Hakuna mluzi, hakuna maji. Akachukua kipande chembamba cha karatasi, akakiweka karibu na tundu la ile skrubu. Karatasi ikavutwa, ikaganda pale.

"Inavuta ndani," akasema. "Funga, mama. Funga haraka."

Safari hii nilielewa ni kufunga gani. Nikakaza.

Alinieleza kwamba maji ya mfumo mzima ni kidogo, hayana nguvu ya kupanda orofa ya pili, na yale tuliyoyatoa siku ile labda yamezidisha upungufu. Dawa yake ni kuongeza maji kwenye boila, lile tangi linalochemsha maji ya rejeta zote. Boila iko chini ya nyumba, na mlango wake una kufuli, na ufunguo wa kufuli uko kwa mwenye nyumba. Nilimpigia. Simu ikajibu kwa sauti yake iliyorekodiwa. Nikaacha ujumbe. Kesho yake nikaacha mwingine. Alipopatikana akasema wiki ijayo, na wiki ijayo akasema hivyo hivyo.

Niliomba, sana. Sikufunga tena. Sikuweza kusema nafunga halafu mtoto anitazame.

Jioni ile ile karatasi ilipovutwa na tundu, nilichukua blanketi na mto wake, nikashuka. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi, ya lile dirisha na salamu zetu za mlangoni. Mama Mkongo akafungua, akaona mto, akaupokea kabla sijafungua mdomo.

"Uliniacha nifungule madirisha na mutoto anagonjwa hapo juu?" akasema. "Unaniona mimi ni nani? Leta mutoto."

Binti yangu akalala kati ya wasichana wake wawili, jioni hiyo na zote zilizofuata mpaka miti ikaanza kuchipua. Mwenye nyumba alikuja baada ya hapo.

Mimi nilibaki juu na koti langu na vitabu vyangu vya darasa. Sakafuni, pale bomba lilipopitia, kulikuwa na tundu, na kupitia hapo nilimsikia binti yangu akicheka, akiwajibu wale watoto kwa Kiingereza, nao wakimcheka. Kila jioni nilipotoka kazini niliweka kiganja juu ya chuma, mahali pale pa juu, kujaribu. Nilikiacha mpaka chuma kikachukua joto langu. Nikiutoa mkono, chuma kinapoa tena.