Binti Yangu na Mishipa Inayobana

Mke wangu alikuwa ametoka kujifungua, kwa hiyo safari ya kumrudisha binti yetu hospitalini ikaniangukia mimi. Alikuwa na miaka sita. Moyo wake ulipasuliwa nje ya nchi akiwa bado wa kubebwa mgongoni, na tuliporudi kwetu Masisi majirani walikuja kumshukuru Mungu pamoja nasi. Tulidhani yamekwisha. Baadaye mishipa inayopeleka damu kutoka mapafuni hadi moyoni ikaanza kubana pale iliposhonwa. Daktari aliipanua, akatuonya kwamba inaweza kubana tena.

Ikabana. Niliona mwenyewe shambani: mtoto aliyezoea kukimbiza mbuzi akawa anaketi katikati ya maharage, akihema. Sikungoja midomo ibadilike rangi. Kesho yake tulipanda pikipiki, yeye kati yangu na dereva, tukateremka Goma, kisha tukavuka mpaka hadi hospitalini.

Kando ya kitanda cha jirani alikuwako mama mmoja mfanyabiashara, mtu wa Butembo. Mwanawe alikuwa na tatizo hilohilo, ila kwake ilikuwa mara ya kwanza. Mama yule alilia kimyakimya, akaniuliza kama mtoto ataamka baada ya kulazwa kwa dawa. Binti yangu alishuka kitandani, akamwonyesha kovu dogo kwenye paja.

“Mama, usilie. Wanaingizaka kamupira hapa, kanapanda mupaka ku moyo. Kule wanakapuliza, mushipa inafunguka. Ataamuka na njaa.”

Mama akajipangusa machozi. “Na weye, hauogopi?”

“Naogopa. Lakini naenda.”

Asubuhi alikataa nimbebe. Alimshika muuguzi mkono, akaingia kwa miguu yake, nami nikabaki mlangoni.

Daktari alipotoka alisema mishipa imefunguka, ila hawezi kuahidi kwamba ni mara ya mwisho. Nilimuuliza kama tulichelewa.

“Hapana, Papa,” alisema. “Ulimuleta mapema, njo maana kazi ilikuwa nyepesi.”

Sasa anapanda kilima cha shule na wenzake. Husimama kidogo njiani, kisha huendelea. Karibuni tutarudi kupimwa. Juzi jirani alimuuliza kama hachoki na safari hizo. Akajibu kwamba anachoka, hasa matako, kwa sababu ya pikipiki. Nilikuwa napalilia karibu yao. Nilicheka mpaka nikaweka jembe chini.